Mashati Matatu kwa Saa Moja

Kasongo, tarehe 6 Mei 2024

Placide wangu, sheri wangu,

Nimefika jana jioni, matope mpaka mapajani na furaha mpaka utosini. Faradji aliendesha pikipiki yake kwa uangalifu, tukalala Wamaza kwa watu wake, na njia nzima nilikuwa nalitaja jina lako kimoyomoyo, polepole, kama mtu anayetafuna muwa na hataki uishe. Ndoa yetu haijatimiza hata miezi mitatu, na tayari barabara imetutenga. Usiku mkono wangu unakutafuta kitandani, unampata shangazi yako Régina.

Shangazi amenipokea vizuri sana. Alinishika mashavu, akanizungusha kama nguo inayouzwa sokoni, akasema, "Kumbe mutoto wetu iko na macho. Mi nilifikiri ataleta mutu ya kukonda."

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya kwetu unaijua. Mtandao unashikwa pale mlimani tu, na mlimani kila mtu anasikiliza simu ya mwenzake. Maneno yangu kwako sitaki wauza mihogo wayajadili. Faradji amekubali kubeba barua zetu kila anapopita.

Sasa masomo. Katika zile saa nne ulizonipa pesa zake, leo nimetumia moja. Saa moja ni faranga elfu kumi na tano, mafuta ndani yake. Mwalimu anaitwa Léon Mugisho, mtu wa Bukavu, zamani aliwaendeshea wafanyabiashara wa dhahabu kule Lusangi. Mwalimu Léon ana jipe kuukuu ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Ukipanda, anavua saa yake ya mkononi na kuiweka mbele yako. Injini ikiwaka, saa inaanza kuhesabiwa. Injini ikizimika kwa kosa lako, saa inaendelea. Ikizimika kwa kosa la gari, saa inasimama. Anayeamua kosa ni la nani ni Mwalimu Léon, lakini ni mtu wa haki, kwa maana leo injini ilizimika mara tisa na mara tano aliilaumu gari.

Alinionyesha pedali ya klachi kwa kidole. Akaniambia, "Mama Emma, ambreyaje ni kama mulango ya nyumba yenye mutoto amelala. Unaachilia polepole, asiamuke." Tukaenda. Halafu mbuzi akasimama katikati ya njia, nikaachia kila kitu, nikajifunika uso. Mwalimu Léon akavuta breki ya mkono bila hata kupandisha sauti. "Ile mbuzi haina permi ya kuendesha," akasema, "lakini inajua njia kukuzidi. Ngojea ipite." Nilicheka mpaka machozi. Mwisho wa saa Mwalimu Léon alisema mikono yangu ni myepesi kwenye volani, yaani usukani, kuliko ya wanaume wote aliowafundisha mwaka huu.

Sheri, sijasahau kilichonileta. Kila nikikanyaga namwona dada yangu Pascaline juu ya pikipiki ile, uchungu umemshika njiani, na mtoto ambaye hatukuwahi kumpa jina. Gari la wazazi, la kubebea wajawazito, litakuja kwenye kituo chetu cha afya mwezi wa saba, na muganga mkuu alisema wazi: likikosa dereva wa Kabambare mwenye permi, litabaki huku Kasongo. Mtihani ni tarehe 18 Juni. Mwalimu Léon hampi mtu karatasi ya mtihani kabla hajatimiza saa ishirini. Wewe ndiwe uliyeniambia, "Nenda wewe, cherehani yangu haina magurudumu," na siku ile nilikupenda kuliko siku ya harusi.

Jirani yetu Falonne akikuletea sombe ya majani ya mihogo, mpokee, mshukuru. Lakini sahani yake mrudishie tupu. Najua si adabu. Ndiyo sababu nasema.

Wako mpaka mbinguni,
Emmanuella

*

Kabambare, tarehe 11 Mei 2024

Bibi yangu mpendwa Emmanuella,

Barua yako imefika. Niliisoma mara ya kwanza, nikafurahi. Niliisoma mara ya pili, nikafurahi. Mara ya tatu nilichukua chaki ya kukatia nguo, nikaanza kuweka alama. Jina langu limo mara moja. Jina la mwalimu limo mara sita. Sisemi kitu. Fundi amezoea kuhesabu vifungo.

Naomba kujua mambo machache, kwa upendo tu. Huyo Léon ana miaka mingapi? Ana bibi? Na anapokufundisha kubadilisha vitesi, zile gia za gari, mkono wake unakuwa wapi na wako unakuwa wapi? Mimi gari siijui, ninaijua cherehani, na kwenye cherehani huwezi kumfundisha mtu bila kumshika mkono.

Usifikiri nina wivu. Baba yangu alikuwa na wivu, mama alikuwa haendi kisimani bila kuulizwa amekutana na nani. Nikiwa mtoto niliapa sitakuwa hivyo. Nauliza kama mtu anayelipa anavyouliza.

Falonne alileta sombe. Nilirudisha sahani tupu kama ulivyoagiza. Ameacha kunisalimia.

Faradji anakuletea pesa ya saa nne nyingine. Zile zinazobaki nitazitafuta, wanafunzi wa shule wanashonesha mashati sasa, kazi ipo.

Mume wako,
Placide

*

Kasongo, tarehe 17 Mei 2024

Placide, Placide, Placide, Placide, Placide, Placide,

Hesabu sasa. Nimeandika jina lako mara sita kabla ya salamu, na bado sijashiba.

Nitakujibu swali kwa swali, maana mimi sina la kuficha kwako. Miaka yake sijamuuliza, lakini nywele zake ziko zote, na akisukuma gari peke yake inaondoka. Bibi anaye, yuko Bukavu na watoto, mwaka mzima hawajaonana, namhurumia sana. Kuhusu vitesi, mkono wake ulikuwa juu ya wangu siku mbili za kwanza tu. Sasa nabadilisha mwenyewe.

Na mimi niulize? Nimeolewa na fundi wa nguo. Wanawake wote wa Kabambare wanakuja kwako kupimwa magauni. Ukipima kiuno, tepu inazunguka wapi, na mikono yako inazunguka wapi? Ukimaliza kiuno unapima nini? Na yule Falonne aliyeacha kukusalimia, hana kitenge cha Pasaka ambacho bado hakijashonwa? Usiku shangazi anakoroma, mimi naiwaza tepu yako. Mara ngapi nimekuandikia kuhusu hilo? Hii ndiyo ya kwanza. Kwa hiyo tusemezane vizuri.

Sheri, ungeniona leo. Nilipanda kilima cha mission kwa vitesi ya kwanza, gari linalia, watu wamesimama mlangoni. Mama mmoja akaita watoto, "Mukuye muone mwanamuke anaendesha." Mwingine akajibu, "Ni mwalimu ndiye anaendesha, yeye anashika tu." Basi juu ya kilima Mwalimu Léon akashuka, akazunguka, akasimama kando ya njia na mikono nyuma, akaniambia, "Zunguka peke yako, ile mama aone." Nikazunguka. Yule mama alishika mdomo. Nilitaka uwe pale kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Nimeshatimiza saa kumi na nne. Mbili nitazipata hapa mjini wiki hii, na zitabaki nne za barabara kubwa, ile ya milima na madaraja ya magogo. Hizo ndizo zinazokula mafuta. Ukipata pesa yake, nitumie kabla ya kati ya mwezi wa sita.

Nakubusu mikono yote miwili, hata ile inayoshika tepu,
Emmanuella

*

Kabambare, tarehe 23 Mei 2024

Emmanuella,

Nilikulipia saa nne ulipoondoka. Nikatuma nne tena. Nne na nne ni nane, hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Wewe umeandika kumi na nne, na mbili za wiki hii zinafanya kumi na sita. Hizo nane zingine zimetoka wapi? Pesa nyingine huna. Shangazi Régina hana. Basi huyo mtu amekupa saa zake bure. Niambie ni mwanaume gani wa Congo hii anatoa saa bure, na mafuta yalivyo ghali, na bibi yake yuko Bukavu mwaka mzima.

Halafu Faradji. Sikumuuliza, alisema mwenyewe, anakunywa chai hapa kwangu. "Fundi, bibi yako anasoma kwa nguvu. Hata Siku ya Mungu niliwaona." Nikamwuliza, Jumapili hiyo, wapi. "Kule kwa tanuru ya matofali, nyuma." Nikamwuliza gari lilikuwa linakwenda au limesimama. Akapuliza chai yake. Nikamwambia, Faradji, mimi ndimi niliyekushonea suruali ya kuoa, sema. Akasema, "Ilikuwa imesimama. Injini kimya. Vichwa viwili vimeinama pamoja." Akaacha chai nusu kikombe, akaenda zake.

Tangu hapo sindano imeniingia kidole mara mbili.

Nikueleze hesabu yangu. Shati moja la mwanafunzi linanipa faranga elfu tano. Saa moja ya Léon ni elfu kumi na tano. Kwa hiyo mimi nainama hapa, nakata, nashona, natoboa matundu ya vifungo, mashati matatu, ili mwanaume mwingine akae saa nzima karibu na bibi yangu. Mashati ishirini na manne nimekwisha kumshonea. Na kumbe hata hayakutosha, anaongeza za kwake.

Za mwisho sitatuma mpaka unijibu jambo moja: mlikuwa mnafanya nini nyuma ya tanuru?

Placide

*

Kasongo, tarehe 27 Mei 2024

Bwana wangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa.

Hatukuwa tunafanya jambo ambalo Mungu angegeuka asilione. Saa hizo nane nimezilipa, tena kwa kazi yangu halali. Lakini kazi gani, siwezi kukuambia. Niliapishwa na mtu anayeogopa aibu, nikaapa kabla ya kufikiri kwamba nina mume wa kuulizwa naye. Sasa nimefungwa. Ungependa bibi anayevunja kiapo kwa sababu njia ni ngumu? Maana na kwako niliapa, mbele ya padri.

Sikuombi pesa. Nakuomba uniamini siku ishirini na mbili, mpaka mtihani. Lakini bila pesa sifiki kwenye mtihani, kwa hiyo nakuomba pesa pia.

Sijala leo. Shangazi anauliza kama nina mimba.

Emmanuella

*

Kabambare, tarehe 30 Mei 2024

Ifike mkononi mwa Bwana Léon Mugisho, mfundishaji wa gari, Kasongo

Wewe mwanaume,

Hunijui. Mimi ni Placide, mwenye bibi unayekaa naye kwenye gari. Kila faranga uliyopokea kwa ajili yake imetoka kwenye vidole vyangu. Mashati matatu kwa saa moja. Ukivaa suruali asubuhi, ujue mwili wako unalishwa na sindano yangu.

Nimesikia unampa saa bure. Panya haingii ghalani kwa kumhurumia mwenye ghala. Nimesikia tanuru la matofali. Nimesikia Siku ya Mungu. Mimi si mtu wa mapanga, niulize kwa yeyote. Lakini nina makasi ya kukatia makoti ya baridi, na Faradji ana nafasi moja nyuma ya pikipiki yake.

Unaye bibi Bukavu. Kama mwanaume mwingine angekaa naye nyuma ya tanuru, gari limezimwa, vichwa vimeinama, wewe ungelala?

Saa zimekwisha. Usimfundishe tena. Mrudishe kwa shangazi yangu, na unijibu kwa mkono wako mwenyewe, ili nijue wewe ni mtu wa namna gani.

Placide, fundi wa nguo

*

Kasongo, tarehe 4 Juni 2024

Shemeki Placide,

Mi ni Léon. Mi nasema, bibi yako anaandika. Nilimuambia aandike vile vile nasema, bila kutengeneza.

Kwanza nashukuru kwa barua yako. Ulinisalimia muzuri, ukasalimia na bibi yangu wa Bukavu na batoto. Haba wanaume benye kukumbuka bibi ya mwenzao. Na ile shati uliniahidi ndani ya barua, nashukuru zaidi. Kifua yangu ni pana, mikono mirefu. Kola isibane, mi niko mutu wa kugeuza shingo kila saa.

Ya pili. Uliniomba nijibu kwa mukono yangu. Siwezi. Sijue kusoma, sijue kuandika. Miaka makumi mbili naendesha, alama za barabara nazijua kwa umbo, kama vile unajua sura ya watu. Sasa wametangaza, kutoka mwezi wa saba mutu ya kufundisha gari ataulizwa maswali ya kitabu ya sheria, kwa mudomo. Akikosa, wanamufungia kazi. Kitabu niliinunua. Niliiangalia tu, nayo inaniangalia.

Siku moja nikasikia bibi yako anasoma kibao ya duka kwa sauti, anacheka. Nikamuomba anisomee. Saa moja ya kusoma, saa moja ya kuendesha, hakuna bure. Tulisomea nyuma ya tanuru kwa sababu kwa nyumba yangu watu wanaingia kama kwa soko. Mwalimu asiyejua kusoma, nani atamulipa? Ndiyo maana nilimuapisha asiambie mutu, hata wewe. Haikuwa muzuri. Bibi ya mutu haapishwi kuficha bwana yake. Leo namufungulia ile kiapo, na amesita kuandika hapa, nimemuambia, andika.

Kitabu tumeimaliza. Saa ine za barabara kubwa zimebaki, na zile mafuta yake siwezi kubeba. Mutihani iko karibu. Amua mbio, shemeki.

Léon Mugisho
(ameweka alama ya kidole)

Nyuma ya karatasi:

Placide, sasa ni mimi. Ameshuka kuangalia tairi, nina dakika chache.

Alinipa barua yako ndani ya gari. "Mama Emma, bwana yako ameniandikia. Nisomee." Alikuwa anatabasamu, amefurahi kupokea barua. Nikaifungua, nikaona "Wewe mwanaume". Nilifanya nini? Nikasoma, "Bwana Léon mpendwa." Pale pa makasi nikasoma kwamba utamshonea shati. Pale pa bibi yake nikasoma kwamba unamsalimia na kumwombea. Ukurasa mzima nilibuni, na jasho linanitiririka mgongoni. Barua yako ya kweli nimeificha kifuani. Sijui nikwambie nini kuhusu mambo uliyoandika. Kinywa changu kilikuwa kimeombwa kuyatamka.

Sasa unajua saa nane zilitoka wapi. Sikuwahi kukukosea, ila yeye nimemkosea leo, nimemdanganya mtu ambaye macho yangu ndiyo macho yake ya kusomea. Na nilimdanganya kwa ajili yako.

Gari la wazazi litakuja nikiwepo au nisipokuwepo. Fanya unavyoona.

E.

*

Kabambare, tarehe 8 Juni 2024

Bwana Léon,

Najua barua hii utasomewa na bibi yangu. Kwa hiyo naanza na yeye. Emmanuella, soma kila neno, usiruke, usitengeneze. Hata pale utakapoona aibu, soma. Aibu ni yangu.

Bwana Léon, barua yangu ya kwanza haikuwa na salamu. Ilikuwa na matusi na makasi. Nilikuambia wewe ni panya wa ghala. Nilikuambia usimfundishe tena. Shati sikukuahidi. Bibi yangu aliogopa kuchafua siku yako, akakusomea barua ya mwanaume mwema aliyemtunga yeye mwenyewe. Nilipokea majibu aliyoandikiwa yule mwanaume mwema, nikakaa nayo hapa mbele ya cherehani siku nzima, nikamwonea wivu kuliko nilivyokuonea wewe.

Mimi ni mtoto wa baba mwenye wivu. Niliapa sitafanana naye, na ndoa haikutimiza hata miezi mitatu. Yeye aliuliza maswali ya kisimani, mimi nimeuliza maswali ya gari. Nisikudanganye kwamba wivu umekwisha. Hata sasa, ninapowaza anaisoma barua hii kwa sauti yake nawe umekaa kando yake unaisikiliza, roho inaniuma. Sauti hiyo ilikuwa ya nyumba yangu. Lakini nitaumia nikiwa nimelipa.

Faradji anakuletea elfu sitini, saa nne za barabara kubwa. Mpeleke kwenye milima yote na madaraja yote. Usimwonee huruma. Siku akimbeba mama mwenye uchungu, barabara haitamwonea huruma.

Shati limo ndani ya mfuko. Kola nimeiacha pana. Umeniita shemeki, nami nimeshona kama mtu anavyomshonea shemeki yake: mishono miwili kila mahali.

Na siri yako ya kitabu imebaki kwangu. Faradji nimemwambia mlikuwa mnaomba rozari.

Placide

*

Kasongo, tarehe 19 Juni 2024

Placide wangu,

Nilisoma yote. Sikuruka. Mara mbili sauti iliniishia, na Mwalimu alingojea akitazama nje, kama anavyowangojea mbuzi.

Nilipomaliza nikabaki nimeinamisha kichwa, nikingoja aniambie nishuke. Akasema, "Nilijua." Nikamwuliza alijua nini. "Ile barua ya kwanza haikuwa vile ulisoma. Mi sisome karatasi, Mama Emma, lakini nasoma macho ya mwanafunzi, ndiyo kazi yangu. Siku ile macho yako yalisimama fasi moja, mudomo inaendelea kukimbia. Mutu mwenye kusoma, macho yake inatembea." Kisha akaongeza, "Tena mi niko na bibi. Bwana anaandikia mwalimu ya bibi yake barua ya kwanza, na hakuna tusi hata moja? Nikasema, huyu mama anazima moto na kitenge yake. Ndiyo maana nikakuambia, andika kama sijue kusoma, ile kiapo ife."

Kwa hiyo alijua alipokuwa akikushukuru kwa shati. Nilitaka ardhi inimeze.

Akanyoosha mkono. "Iko wapi ile ya kweli?" Nikasema nimeichoma. Akasema, "Macho yako." Basi nikaitoa kifuani, nikamsomea, kuanzia "Wewe mwanaume" mpaka "fundi wa nguo". Alisikiliza amefumba macho. Pale pa panya aligonga goti lake. Pale pa mashati matatu aliniambia nirudie, nikarudia. Mwishoni akasema, "Huyu iko bwana kabisa. Ile bwana ingine ya salamu, hata mi singekuacha kwa mukono yake." Halafu akatazama saa yake mbele ya volani, injini ilikuwa inanguruma muda wote huo, akasema hiyo ilikuwa nusu saa na kosa ni langu. Tukabishana. Akaikata robo.

Shati linamkaa. Amelivaa siku tatu mfululizo, Shangazi amelazimika kumwambia alifue.

Jana mtihani. Tulikuwa saba, wanaume sita na mimi. Yule msimamizi alinipandisha kilima, akaniamuru nisimame katikati ya mteremko, nizime, niwashe, niondoke bila kurudi nyuma. Mmoja wa wanaume alikuwa ametangulia, akarudi nyuma mpaka kwenye karanga za mama mmoja. Mimi niliachilia ambreyaje taratibu, gari likaondoka, hata jiwe halikusogea. Wamepita watatu. Mimi ni wa kwanza kwenye karatasi. Permi yangu nimeiweka chini ya mto, picha nimetoka vibaya, nimefumba jicho moja. Gari la wazazi ni langu kuliendesha, muganga mkuu ameshaletewa habari.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia Mwalimu wala shangazi wala padri. Ile barua yako mbaya nilikaa nayo kifuani wiki nzima. Niliichukia. Usiku niliitoa, nikaisoma tena kwa tochi ya simu, na nilipofika pale unapotaka kupanda pikipiki na makasi yako kwa ajili yangu, Placide, nilifurahi. Niliona haya, lakini nilifurahi. Mimi pia si malaika. Hata jana, mikono ikiwa kwenye volani na msimamizi kando yangu, kulikuwa na sehemu ya kichwa changu iliyokuwa Kabambare inazunguka na tepu yako.

Kwa hiyo tusiapishane kwamba hatutakuwa na wivu, tutakuwa waongo kabla ya Krismasi. Naomba kitu kimoja tu. Wivu ukikushika tena, usimwandikie mwanaume mwingine. Niandikie mimi, hata kama tumekaa chumba kimoja, weka karatasi juu ya meza. Nitaisoma kwa sauti mbele yako, yote, na macho yangu utayaona yanatembea.

Bibi yako, dereva,
Emmanuella